Kurasa Nane za Mganga

Vitumbua vya mwisho vilikuwa bado kwenye chuma pale simu ilipolia juu ya gunia la mchele. Bi Hija hakuishika. Aligeuza kimoja kimoja, akangoja viive upande wa pili, akaviopoa, ndipo akafuta mkono kwenye leso. Vitumbua vyake vimekuwa vidogo mwaka huu. Mchele umepanda, sukari imepanda, na wanunuzi wa Tibirinzi huvipima kwa macho kabla hawajasema sabalkheri.

Aliyepiga ni Khairat, bintiye, anayesomesha skuli huko Wete.

"Mama, wamekuchagua. Sahani ya Futari. Pemba nzima wamechukua muswada mmoja wa filamu, na ni wako."

Bi Hija alisema alhamdulillahi mara tatu, taratibu. "Kisha?"

"Kisha wakutaka ofisi ya tamasha, hapo Chake, kabla ya adhuhuri, utie saini. Ubebe daftari lako la asili na barua ya sheha."

"Barua ya sheha ya nini?"

"Ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe."

Bi Hija alisoma mpaka darasa la saba, basi. Muswada ule aliuandika ndani ya eda, alipofiwa na Abdulnasir, mumewe, Mungu amrehemu. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, na mikono yake haijazoea kukaa bure. Khairat alimwachia daftari kubwa, akamweleza jambo moja tu: kila unachokiandika lazima kionekane au kisikike. Hilo alilishika. Mengine aliyatunga mwenyewe. Juu ya kila onyesho aliandika mahali na wakati, na wakati wake ulikwenda kwa sala: jikoni, baada ya alasiri; uani, kabla ya maghribi. Mume na mke hakuwagusanisha, kwa kuwa waigizaji wenyewe si maharimu. Mume akiwa nyumbani, yalionekana makubadhi yake mlangoni, na sauti yake ilitoka ndani.

Matamasha mawili ya mwanzo yalimkataa. La kwanza halikujibu. La pili lilijibu kwa Kiingereza. Hili la tatu lilikuwa na kundi la filamu za familia, zile ambazo baba, mama na watoto wanaweza kukaa pamoja kuzitazama bila mmoja wao kuinamisha uso. Bi Hija alipolisikia hilo alisema, hapo ndipo pangu.

Sheha Kificho alimpokea kwa heshima, akamweka kwenye benchi, akamsahau. Alipomkumbuka, jua lilikuwa limeshapanda.

"Filamu?" aliuliza.

"Filamu, Sheha."

"Mna kukumbatiana humo?"

"Hamna."

"Mna ngoma?"

"Mna futari."

Sheha alivuta fomu. "Mumeo karidhia?"

"Mume wangu yu kaburini mwaka wa sita huu. Barua ya kifo uliandika wewe, kwenye meza hii hii."

"Najua, Bi Hija, nilizika mimi. Lakini fomu ina nafasi ya mlezi, siwezi kuiacha wazi. Una mtoto wa kiume?"

"Sina."

"Kaka?"

"Sina. Nina dada, Rahila, yuko Wambaa."

"Dada haingii." Alifikiri kidogo. "Basi nitajiandika mimi."

Akajiandika. Mhuri nao ulikuwa umefungiwa kabatini, na ufunguo ameondoka nao karani, aliyekwenda mazikoni Msuka. Sheha aling'oa bawaba za kabati kwa kisu cha kumenyea mihogo, huku akiilaumu serikali kana kwamba yeye si mtu wake.

Ofisi ya tamasha ilikuwa chumba cha juu chenye kipoza hewa. Msichana wa mapokezi, Samiha, alipokea barua ya sheha na daftari, akalitia daftari kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi.

"Hilo nalitaka, mwanangu."

"Masharti, mama. La asili linabaki."

Mratibu alikuja mwenyewe kumlaki. Maher, kijana mtanashati kutoka Unguja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. "Shikamoo, Bi Hija. Babu yangu mimi ni wa hapa hapa Pemba, wa Wete. Leo mmetutoa kimasomaso." Akamwekea mbele muswada uliopigwa chapa, na karatasi moja pembeni. "Tia saini hapa chini, tumalize."

"Nisome kwanza."

"Ni ule ule wako. Tumeuboresha kidogo tu."

"Basi nitausoma kidogo kidogo."

Maher alicheka, akatazama saa. Bi Hija alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma kama anavyosoma msahafu, hakuruka kitu. Nyakati zake za sala zilikuwa zimeondolewa. Kila onyesho lilikuwa mchana au usiku.

"Kompyuta haijui alasiri," Maher alisema alipoona kidole kimesimama.

Aliendelea. Madada wawili hawasemezani kwa ajili ya mkarafuu mmoja alioacha baba yao. Ramadhani inaingia. Binti wa huyu na binti wa yule wanakaa dawati moja skuli, wanashauriana, wanaanza kupeleka sahani za futari nyumba hii na ile, kila mmoja akisema, mama kakuletea. Mpaka hapo maneno yalikuwa yake. Kisha ukaja ukurasa asioujua. Dada mdogo anakwenda kwa mganga, paka mweusi anapita, kitu kinatiwa kwenye uji. Mume wa dada mkubwa anaunywa, anakufa. Kurasa nane. Alizisoma zote, mpaka pale mganga anapocheka.

Akavua miwani.

"Haya ya nani?"

"Ya timu. Bi Hija, muswada wako mzuri, wallahi, lakini baridi. Mtu wa Dar, mtu wa Nairobi, akisikia Pemba anataka nini? Na wafadhili ndivyo walivyosema: Pemba, basi iwe Pemba."

"Mimi nimezaliwa Pemba. Nina miaka hamsini na tatu. Sijamwona paka huyo."

"Ni filamu tu, mama. Na bado ni ya familia, mwisho mganga anakamatwa."

Bi Hija aliishusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Dada mdogo huyu yupo, ndiye huyo Rahila wa Wambaa. Huo mkarafuu ni wa baba yetu, Mzee Matano. Watoto ni Khairat wangu na Thuraiya wake, walitufanyia hivyo kweli, tukagundua siku ya Idi. Wambaa nzima yajua. Sasa mume wangu mimi kafa kweli, kwa presha. Na siku zote za eda yangu aliyenilisha ni Rahila, kila siku ya Mungu, kwa miguu yake mpaka kituoni, na chakula kichwani. Mkionyesha hii, mtu gani pale hatosema Rahila kamroga shemeji yake?"

"Tutabadilisha majina."

"Mkarafuu mtaubadilisha? Mume aliyekufa mtambadilisha? Thuraiya anaposwa mwezi huu. Nani ataoa nyumba ya uchawi?"

Kwa muda mfupi Maher alionekana mdogo kuliko kanzu yake. Kisha akafungua fomu ya maombi, ile aliyoijaza Khairat kwa simu, akamwonyesha kifungu cha tisa: waandaaji wanaweza kufanya marekebisho. Pale chini palikuwa na alama ya kukubali.

"Ukitia saini, jina lako linakuwa juu. Usipotia, filamu inapigwa vile vile, jina halipo. Hilo tu ndilo lililobaki kuamua." Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Akainuka, akakunja mikono ya kanzu tayari kwa udhu. "Nakwenda kusali. Nikirudi, inshallah, nikute umemaliza."

Bi Hija alibaki na karatasi. Angeweza kuondoka. Lakini kuondoka hakusemi kitu, kuondoka hakuandikwi mahali. Alichukua kalamu, na penye mstari wa saini akaandika kwa hati ya darasa la saba, iliyosimama wima, mpaka nafasi ikajaa na maneno yakashuka pembeni: *Nimesoma yote. Ya mganga sikuyaandika wala siyakubali. Dada yangu hakumroga mtu. Hija binti Matano.*

Alisali kwenye kona ya chumba. Alipotoa salamu, Samiha alikuwa ameshaichukua karatasi. Mhuri ulilia, pa. Karatasi ikaingia kwenye mashine, ikatoka.

"Hongera, Bi Hija. Imeshakwenda Unguja."

"Umesoma nilichoandika?"

"Mimi sizisomi, mama, nazipokea." Aligeuza kioo cha kompyuta amwonyeshe. Mbele ya jina la Hija Matano palikuwa na alama ya kijani, na neno moja: imekamilika.

Maher aliporudi, ndevu bado zina maji, aliisoma mara mbili. Hakukasirika. Alikaa.

"Ungelinipa mimi mkononi," alisema.

"Watasoma huko Unguja."

"Huko hawasomi, Bi Hija. Huko wanahesabu zilizofika."

"Irudishe."

"Hakuna pa kurudishia. Mfumo una pa kupeleka tu."

Aliliomba daftari lake. Samiha alimtazama Maher, Maher akatazama bahasha, na bahasha ikabaki pale pale ilipo.

Alasiri ilimkuta Wambaa. Hakwenda kwanza nyumbani, wala hakumpigia Khairat. Habari hii alitaka itoke kinywani mwake, isije kwa mwingine. Rahila alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba, anachambua karafuu pamoja na majirani wanne, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu huku. Thuraiya alikuwa ndani. Sauti ya cherehani ilisikika. Bi Hija alimweleza dadake kila kitu mbele ya wale wanawake, maana kumwita pembeni kungekuwa kosa jingine. Hakuficha paka wala uji.

Rahila aliendelea kuchambua. Vidole vyake havikupunguza mwendo.

"Kwa hiyo mie n'mekuulia mume," alisema.

"Wameandika wao."

"Wao hawan'jui mie. Mlango umewafungulia wewe. Wee na daftari lako. Nilikuletea chakula ukaandika?"

"N'liandika ulivyonifanyia wema, Rahila."

"Nani alikutuma uandike wema wangu?"

Cherehani ndani ilikuwa imenyamaza. Mmoja wa wale wanawake alikohoa, akasogeza makonyo yake yaliyokuwa hayahitaji kusogezwa.

"Posa yaja Ijumaa," Rahila alisema, zaidi kwa mkeka kuliko kwa dadake. Kisha akauliza: "Na ulivyoandika wewe ilikuwaje?"

"Daftari wamelizuia."

"Sikuulizi daftari. Nakuuliza ilikuwaje."

Bi Hija alikaa ukingoni mwa mkeka, akavuta fungu la karafuu mbele yake, akaanza. Jikoni, baada ya alasiri. Alisema kinachoonekana na kinachosikika, na sauti za watoto alizifanya za watoto. Wanawake wawili wapita njia walisimama, wakakaa. Ilipofika siku dada mdogo alipoipokea sahani ya kwanza na kuficha uso kwa mtandio, Rahila alimkata.

"Hapo waongopa. Mie sikulia."

"Ulilia."

"Jasho lile. Endelea."

Akaendelea mpaka siku ya Idi, mpaka madada wanapokutana njiani, kila mmoja na sahani ya mwenzake mkononi, na hakuna anayejua aseme nini. Hapo filamu ndipo ilipokuwa inaishia. Kisha jirani mmoja, Bi Mgeni, akaweka chini konyo lake, akatazama huku na huku.

"Basi?" aliuliza. "Mbona mganga hamna? Hiyo mbona watu hawatoiangalia."

Wawili watatu walicheka. Rahila hakucheka. Alimtazama Bi Mgeni, aliyekuwa akila nyumbani kwake siku zote za msiba wa Abdulnasir, kisha akamtazama dadake.

"Hawajasikia," alisema. "Anza tena."

Bi Hija alikaza ukaya wake kichwani, akaanza tena tokea mwanzo, kwa sauti kubwa kidogo, na wa ng'ambo ya njia wasikie.