Siku Edie Alipotulia

Bi Pascoe, mwalimu mkuu, alikuwa na tabia ya kutabasamu kabla ya kukupiga. Garth Munnery alikwisha kulijua tabasamu lile. Mtu aliyeswaga kondoo kwenye mazizi ya mnada tangu ujana hujifunza kusoma masikio na macho, kujua nani atapiga teke na nani atatulia, na mwalimu mkuu naye ana macho. Kwa hiyo alipoitwa ofisini Jumatatu ile akakuta tabasamu limekwisha kutandikwa, alikaa kitini bila kuvua kofia.

"Bwana Munnery, tumefikiria sana habari za Edie," alisema Bi Pascoe. "Tumeona kuanzia muhula ujao aje mpaka saa sita mchana tu. Ni kwa faida yake."

"Baada ya saa sita aende wapi?"

"Nyumbani, bila shaka."

"Nyumbani kuna nani? Kuna mbwa, na paka kipofu."

"Labda ungezungumza na mwajiri wako."

Garth alicheka kwa pua. Kuzungumza na mwajiri! Wanaokaa nyuma ya meza wanadhani kila mtu ana mwajiri wa kukaa naye na kunywa chai. Mnadani ukiondoka saa sita leo, kesho jina lako halimo.

Edie alikuwa na miaka kumi. Akili alikuwa nazo, hata waliomchoka walikubali. Alisoma kabla hajaanza shule, na hesabu za darasa alizimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Tatizo lilikuja baada ya hapo, alipobaki na mikono isiyo na kazi. Mikono hiyo ndiyo iliyofungua banda la sungura wa shule ili aone kama watakimbia na upepo au kinyume chake. Mikono hiyo ndiyo iliyofumua kompyuta ya maktaba kwa bisibisi. Na alipokatazwa, alilia na kurusha viti, kisha akajificha chini ya meza akijuta kama mtu mzima. Daktari alikwisha kuupa ugonjwa jina lake, ADHD, ule wa akili na mwili visivyotulia. Dawa ya kwanza ilimkatisha hamu ya kula hadi mbavu zikatokeza, ikasimamishwa, na sasa walikuwa kwenye foleni ya kumwona daktari wa kuibadilisha. Foleni ya watu wa mashambani, nani ataisogeza?

"Kuna njia moja," alisema Bi Pascoe. "Alhamisi anakuja Bi Sarangi, mwanasaikolojia wa Idara ya Elimu. Atakaa darasani amtazame. Akiona kweli mtoto anahitaji msaidizi wa darasani, Idara italeta msaidizi, na Edie atabaki shule kutwa. Asipoona, mimi mikono yangu imefungwa."

Mikono yao hufungwa daima, Garth aliwaza. Ni ya nani hasa iliyo wazi?

Enzi za Colleen, mkewe, mambo ya shule yalikuwa ya Colleen. Alikuwa na ulimi wa kuongea na wakubwa bila kugombana nao. Colleen alifia ndani ya gari la wagonjwa, katikati ya njia, kwa sababu wakubwa walikuwa wameifunga wodi ya mji wao wakisema watu ni wachache. Tangu siku ile, kwa Garth, kila aliyekaa nyuma ya meza alikuwa ndugu wa waliofunga ile wodi. Yeye shule aliiacha akiwa na miaka kumi na nne, na shule haikumlilia.

Kesho yake mnadani alimweleza Dougal, mwenzake wa siku nyingi.

"Nusu siku?" Dougal alitema mate. "Mlete huku. Kabla ya Krismasi atakuwa anatuamuru sote."

"Sheria hairuhusu mtoto ndani ya mazizi."

"Basi mpige mnada."

"Nani atamnunua? Anakula kama mkata manyoya ya kondoo."

Walicheka, kisha Dougal akawa na uso wa mashauri. "Lakini Alhamisi, ndugu yangu, mtengeneze. Watu wa Idara hao. Hujawahi kuona mtu akipeleka dume lake mbele ya majaji na tope kwenye kwato."

Garth hakuhitaji kuambiwa. Kwao, kitu kikienda kutazamwa, hutengenezwa kwanza. Na katika mashindano ya mbwa wa kuchungia, yeye alikuwa na sifa. Wenzake walifika uwanjani na mbwa waliokuwa wakitetemeka kwa hamu, wakiwavuruga kondoo. Mbwa wa Garth walifika wamepoa. Siri yake haikuwa siri: aliwaamsha gizani, akawapeleka mlimani kwa majike ya kondoo, akawachosha hadi wazimu wote wa asubuhi uwatoke, kisha akawanywesha maji na kuwasemesha polepole mpaka zamu yao ifike.

Alhamisi alimwamsha Edie kabla hapajapambazuka.

"Baba, kuna nini?"

"Vaa buti. Tunaenda juu."

Mtoto aliruka kitandani kana kwamba ameambiwa ni sikukuu. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi, ukivunjika chini ya buti. Garth alisimama kwenye lango akampigia mluzi Flint, mbwa wake mkubwa, na Edie akakimbia pamoja na mbwa, huku na huku kwenye mteremko, akipaza sauti, akianguka na kuinuka. Mara tatu kondoo walishushwa, mara tatu wakaachiwa wapande tena. Huko juu hakuna aliyemwambia akae. Alijua jike gani litaasi kabla halijageuza kichwa. Garth alimtazama, moyo ukamjaa, akatamani Colleen angekuwepo.

"Baba, tena!"

"Mara ya mwisho, mama."

Walirudi mtoto amelegea, mashavu mekundu. Alimpa mayai na mkate, akamsuka nywele misuko miwili iliyopinda kidogo, akamfunga vifungo vya sweta.

"Leo kuna mtu anakuja kukutazama," alimwambia. "Mtu mkubwa. Usiniaibishe."

"Kama mashindano ya Flint?"

"Kama mashindano ya Flint."

Edie alifikiri. "Nikishinda, sitafukuzwa saa sita?"

Garth hakuwa amemwambia habari ile. Watoto wana masikio. "Ukishinda, hufukuzwi," alisema.

Na Edie alishinda.

Baada ya vipindi Garth aliitwa kikaoni. Alikuta watu watatu: Bi Pascoe, Bi Sarangi mwenye miwani na sauti ya upole, na Mwalimu Tamsin wa darasa la Edie, msichana ambaye bado hajajifunza kuficha uchovu. Edie aliachwa nje, kwenye benchi la korido.

"Bwana Munnery, una mtoto wa ajabu," alianza Bi Sarangi. "Nimempa majaribio. Kwa wa umri wake, wachache sana nimewaona wakifika alipofika. Na darasani nimekaa muda mrefu. Alitulia. Aliinua mkono. Alimsaidia hata mwenzake."

Garth alivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu Colleen afe, kusikia katika jengo lile neno zuri juu ya mwanawe.

"Ni mtoto mzuri," alisema.

"Mzuri sana. Kwa hiyo," Bi Sarangi alivua miwani, "siwezi kusema nimeona haja ya msaidizi. Naamini uchunguzi wa daktari, usinielewe vibaya. Lakini mimi naruhusiwa kupendekeza kutokana na kile tu ninachokiona kikimzuia kusoma. Leo sikuona kitu kinachomzuia."

Garth aligeuza kofia mikononi. Maneno yalimfikia polepole, kama maji yanayoingia ndani ya buti.

"Na hili linatupa picha nyingine," alisema Bi Pascoe, tabasamu mahali pake. "Kumbe akitaka, anaweza. Basi akivuruga, amechagua kuvuruga. Mpango wa saa sita utabaki, na tutakaza nidhamu."

"Amechagua?" Garth alisimama. "Amechagua, mama? Mtoto akiumwa mguu akajikaza siku moja kwa ajili ya wageni, mtasema amechagua kuchechemea?"

"Bwana Munnery, tafadhali, sauti."

"Mnataka avunjike mbele yenu ndiyo mumwone! Mmefunga wodi, mmefunga kila kitu, sasa mnanifungia na mtoto!"

"Sisi hatujafunga wodi yoyote," alisema Bi Pascoe.

Mwalimu Tamsin ndiye aliyeuliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu. "Bwana Munnery, leo asubuhi mlifanya nini? Maana mimi nimekuwa naye mwaka mzima. Yule aliyekaa darasani leo simjui."

Garth alifungua kinywa kusema mlimani, kondoo, gizani. Akaona macho ya wasomi watatu yakimngoja. Aibu ilimpanda kama joto la homa. Angesema alimchosha binti yake kama mbwa wa mashindano? Angempa Bi Pascoe kitu cha kusimulia?

"Alikula mayai," alisema, akatoka, akamchukua Edie kwenye benchi.

Ndani ya pikapu Edie alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, bado yuko uwanjani.

"Nimeshinda?"

Garth aliwasha injini. Akapita lango la shule, akapita kanisa. "Umefanya vizuri, mama," alisema, na sauti ikamsaliti, maana Edie alisoma nyuso kuliko alivyosoma vitabu.

"Lakini nimeshinda?"

"Wamesema unaweza kutulia. Kwa hiyo hawataleta mtu."

"Na saa sita?"

Garth alibadilisha gia. Mtoto akapasuka. Yote aliyoyakaza tangu asubuhi yalitoka kwa pamoja. Alipiga dashibodi kwa miguu, akang'oa misuko, akajipiga kichwa kwenye kioo, akapiga kelele isiyo na maneno. Garth alisimamisha gari kando ya mikalitusi akamshika mikono, naye akamng'ata.

"Nilitulia!" alilia. "Nilitulia, Baba! Niliuma ulimi! Ulisema! Ulisema!"

Alimfungua kinywa akatazama. Ulimi ulikuwa na alama za meno pembeni, na damu.

Garth aligeuza pikapu.

Alipofika, Bi Sarangi alikuwa kwenye uwanja wa magari, anapakia mikoba yake. Garth alisimamisha pikapu langoni. Kazi ilikuwa rahisi sasa. Afungue tu mlango. Mama huyo alisema anapendekeza kile anachokiona, basi aone.

Edie alimwona yule mama kupitia kioo. Kelele zilikatika. Aliteleza chini, akajikunja kwenye nafasi ya miguu, nywele zimemfunika uso.

"Baba, usimwonyeshe," alinong'ona. "Baba. Nakuomba."

Mkono wa Garth ulikuwa kwenye kitasa. Akauondoa. Kisha akavua koti, akamfunika nalo mtoto kuanzia kichwani, akashuka peke yake na kufunga mlango.

Hakuwa na ulimi wa Colleen. Aliongea akitazama magurudumu ya gari la yule mama. Alimweleza mlima, kondoo, na sababu yake. Alimweleza kwamba kwao kitu kikienda kutazamwa hutengenezwa. Alimweleza jioni za kila siku, viti vilivyovunjika nyumbani, mtoto anayeomba msamaha kwa paka. Alimweleza ulimi.

"Yuko garini?" Bi Sarangi aliuliza. "Naweza kumwona?"

"Hapana."

"Bwana Munnery, ingesaidia sana."

"Najua ingesaidia. Hapana. Andika nilivyokwambia mimi."

Yule mama aliitazama pikapu, kisha akamtazama Garth na mkono wake wenye alama za meno. "Nitaandika. Lakini neno la mzazi peke yake halitoshi, na si mimi niliyetunga hivyo."

"Hakuna hata mmoja wenu aliyetunga chochote."

Bi Sarangi aliingiza mkoba wa mwisho garini. "Nitamwomba Bi Pascoe asianze mpango wa saa sita hadi nirudi muhula ujao. Kuomba tu, yeye ndiye mwenye shule. Nitamtazama tena. Siku hiyo, nakusihi, usimpeleke mlimani. Mlete kama alivyo."

Garth alirudi garini. Walikwenda mpaka lami ikaisha. Koti likasogea, na uso mmoja mwekundu ukatokeza.

"Amesema nini?"

"Atakuja tena kukutazama."

"Kwa hiyo siku hiyo niharibu?"

"Usiharibu. Usifanye chochote."

"Hicho ndicho nisichokiweza, Baba," alisema Edie, bila hasira, kama anayemsahihisha mtu hesabu.

Mbele yao mlima ulikuwa umejaa kondoo, na Flint alikuwa ameanza kubweka akisikia gari. Edie alijiinua kitini, akashusha kioo, akatoa kichwa nje kuwatafuta majike ya asubuhi, akawaita mmoja mmoja kwa majina aliyowapa. Garth akawaza asubuhi ya siku Bi Sarangi atakaporudi, mtoto amekwisha kuamka na kuvaa buti, amesimama mlangoni akingoja waende juu, naye anamwambia leo hapana.

"Kesho tutapanda tena?" Edie aliuliza.

"Kesho tutapanda," alisema Garth, akafunga breki langoni, akashuka kufungua.