Fomu Iliyomwita Mama Mkwe Mgeni

Mwenye nyumba alipopandisha kodi kwa mara ya pili ndani ya miaka mitatu, Lemonia hakubishana naye. Alijua nyumba za Kavala, mji wa bandari wa Ugiriki, zimekuwa ghali tangu watu waanze kuwapangisha watalii, na alijua kwamba yeye, mpanga dagaa kwenye makopo kiwandani, hana pa kuhamia. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia mama mkwe wake, "Serikali inasaidia watu kulipa kodi ya nyumba. Unaomba kwenye mtandao. Jumamosi nitajaza."

"Jaza," akasema Theopisti, akiendelea kufunga wali ndani ya majani ya mzabibu.

Kisheria, Theopisti hakuwa mama mkwe wake tena. Stratos, mwanawe wa pekee, alikwenda Stuttgart, Ujerumani, kufanya kazi ya miezi sita, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa. Huko alipata mke mwingine, na talaka ikapita mahakamani. Lakini mama yake, aliyekuwa akikaa nao kwenye chumba cha nyuma, hakuondoka. Hakuna aliyemwambia abaki, wala aliyemwambia aende. Asubuhi moja baada ya talaka aliamka, akapika chai, akamsuka nywele mjukuu wake Fani aliyekuwa bado mdogo, na maisha yakaendelea hivyo hivyo.

Jumamosi Lemonia akaketi mezani na simu. Namba ya siri ilikubali mara ya pili. Mkataba wa nyumba ukaonekana, akaunti ya benki ikakubali. Kisha fomu ikataka kujua anaishi na nani. Lemonia alimwandika Fani kuwa mtoto. Alipofika kwa Theopisti, mashine ilimpa maneno matatu tu ya kuchagua: mwenzi, mtoto, mgeni anayehifadhiwa. Akatafuta juu, akatafuta chini. Mama mkwe hakuwemo, sembuse wa zamani. Samaki alikuwa anaanza kuungua jikoni. Akabofya "mgeni", akaenda kugeuza samaki.

Fomu ilijibu kwamba kila mtu mzima aliyetajwa sharti aridhie mwenyewe, kwa namba zake mwenyewe, ndani ya siku kumi. La sivyo maombi yanafutwa.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Theopisti. Aliusoma akiwa amesimama, akavaa miwani, akausoma tena.

"Lemonia. Mimi ni nani humu ndani?"

"Ni fomu tu hiyo, mama."

"Sijauliza fomu. Hapa pameandikwa mgeni. Mashine hainijui mimi. Hili neno umelichagua wewe."

"Kulikuwa na maneno matatu. Ulitaka nikuandike mume wangu?"

Fani alicheka. Bibi yake hakucheka. Aliiweka simu mezani ikiangalia chini, akaingia chumbani kwake.

Kesho yake hakukanyaga jikoni. Alivaa gauni la kanisani, akakaa sebuleni kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani. Jumatatu Lemonia alirudi kutoka kiwandani akakuta jiko limepoa.

"Mama, hamjala?"

"Mgeni hafungui sufuria za watu."

Jumanne Theopisti alibisha hodi kwenye mlango wa choo, na ndani hamkuwa na mtu. Jumatano alimwuliza Lemonia kwa adabu kama anaruhusiwa kufungua dirisha. Fani akamvuta mama yake pembeni.

"Bibi ana nini?"

"Ana hasira."

"Sasa nani atapika?"

"Mimi."

Fani akaenda kutafuta mkate.

Alhamisi Lemonia aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye kituo cha huduma kwa wananchi. Karani, Bwana Pantelis, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Neno halibadiliki, bibie. Mimi naishi na mama wa marehemu mke wangu. Naye nimemwandika hivyo hivyo."

"Hakununa?"

"Alininunia wiki mbili. Ikabidi nimwambie kwa mdomo wangu ni nani kwangu. Fomu haina nafasi ya hayo."

"Ulimwambiaje?"

"Hayo ni yangu na yeye. Tafuta yako."

Lemonia alirudi kwa miguu, njia nzima akitafuta ya kwake. Nyumbani alichemsha kahawa, akaitenga kwenye sinia pamoja na glasi ya maji na kisahani cha cheri zilizopikwa kwa sukari, kama anavyokirimiwa mtu aliyekuja kutembea. Akaweka sinia mbele ya Theopisti, akaketi.

"Asante," akasema Theopisti. "Una nyumba nzuri."

Lemonia akaisogeza glasi ya maji karibu naye.

"Mama, Stratos alipotuacha, mwaka mzima nilikuwa nalala nimetega sikio kama unafunga sanduku. Sikukuomba ubaki. Niliona nikilitaja tu hilo jambo, utakumbuka kwamba una mtoto Stuttgart."

Theopisti alishika kikombe bila kunywa.

"Na mimi nilikuwa nasubiri uniambie niondoke," akasema. "Kila ukiniita, nasema moyoni, leo ndiyo leo. Unadhani kwa nini nilikuwa naamka kabla yako? Nilikuwa najitafutia sababu ya kuwepo."

"Miaka yote tisa?"

"Miwili mitatu hii nilishasahau. Halafu simu ikaleta ule ujumbe."

"Basi nakuomba sasa," akasema Lemonia. "Ubaki. Hata wasipotupa senti moja. Mimi mama mwingine sina, wala sitafuti."

Theopisti alikunywa kahawa mpaka kwenye machicha. Akajifuta macho kwa kitambaa cha sinia, kisha akakitazama kile kikombe.

"Umeiunguza."

"Najua."

"Lete simu."

Namba zake za siri alikuwa amezisahau, kwa hiyo asubuhi walikwenda wote kituoni. Bwana Pantelis alimpa kiti, akamtengenezea namba mpya, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Ni wewe unayehifadhiwa na huyu bibie?"

"Mimi ni mama yake," akasema Theopisti. "Nyie andikeni mnavyoweza. Nibonyeze wapi?"

Majibu yalikuja wiki ya tano. Lemonia aliyasoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo kiwandani, akarudia mara mbili, kisha akapiga simu nyumbani. Wamekubaliwa. Si kama alivyotarajia, lakini ile nyongeza ya mwenye nyumba ilifunikwa na kikabaki kidogo.

"Mpaka lini?" akauliza Theopisti.

"Mwaka mzima. Kisha tunaomba tena."

Upande wa pili ukasikika mlango wa chumba cha nyuma ukifunguliwa.

"Ukirudi, pitia kwenye duka la vifaa vya ujenzi," akasema Theopisti. "Ulete rangi nyeupe, ndoo kubwa. Ukuta wa chumba changu umeota ukungu tangu nilipohamia. Sikutaka kuanza kuupaka nisije nikaondoka kabla haujakauka."

Jumapili walisukuma kitanda katikati ya chumba, wakafungua madirisha, wakapaka wote watatu. Fani alipaka chini, Lemonia juu ya ngazi, na Theopisti, nywele kazifunga kitambaa, akawa anawaonyesha wapi wameruka.