Kipimo cha Anneth

Baba yangu, Mzee Ansbert, alichinja dume la ng'ombe kwa sababu ya nyota. Nasema hivyo moja kwa moja kwa kuwa nimechoka kuwaeleza watu. Dada yangu Anneth alikuwa Ulaya akisomea shahada ya uzamivu ya fizikia, na kazi yake ilikuwa kupima jinsi nyota zinavyopika elementi. Kwenye mashine yao, naitrojeni inagongwa na protoni, ikageuka oksijeni, na mtu anahesabu miale inayotoka. Kwa hesabu hiyo unajua kama nyota inamaliza kuni zake haraka au polepole. Anneth alipata kwamba ni haraka kuliko walivyodhani wakubwa wake, na makala yake ilikuwa jaridani ikingoja kuchapwa.

Aliporudi likizo mwaka 1998, kijiji chetu chote cha Kanazi kilikuwa kimeshaambiwa. Baba alitangaza hadi Kabanga mpakani, kwa wabadilisha fedha ambao hawakumuuliza kitu. Misa ya shukrani ikapangwa Jumapili. Kuni zilifuatwa mbali, maana msitu wa karibu ulikuwa umeishia mafigani kule Lukole, kambi ya wakimbizi wa Burundi.

Jumamosi asubuhi mama na Anneth walikuwa uani wakisugua kwa majivu masufuria tuliyoazima. Mama yetu, Domisiana, hakubali kuwa sufuria imetakata mpaka ajione sura yake ndani, na sisi wanawe tumelelewa hivyo. Anneth alisuuza moja, akaifuta, akaona weupe wa majivu umebaki kwenye ukingo. Akaupitishia kidole, akautazama, halafu akakaa chini kwenye udongo na gauni lake zuri.

"Frednand," aliniita, "nimeharibu."

Nilidhani ametoboa sufuria ya watu.

Akanieleza. Naitrojeni wanayoigonga hupachikwa kwenye kisahani kidogo cha chuma. Wenzake walikisafisha kidogo wakaridhika. Yeye, binti wa Domisiana, hakuridhika. Alikitumbukiza kwenye asidi kali inayokula uchafu mpaka ndani ya chuma. Asidi ile ina florini, na florini hung'ang'ania kwenye chuma. Ikigongwa na protoni, nayo hutoa miale yake, tena mikali.

"Sehemu ya miale niliyohesabu haikutoka kwenye naitrojeni," alisema. "Ilitoka kwenye usafi wangu."

"Huna uhakika."

"Ninao. Kwenye mchoro kulikuwa na kilima kidogo pembeni, kisichotakiwa kuwepo. Nilikiona. Nikajiambia ni mashine tu, kwa sababu nilikuwa nalitaka lile jibu." Akafunika uso kwa mikono yenye majivu. "Hata mwanafunzi mpya pale anaonywa juu ya florini. Naona aibu, kaka, mpaka mwili unawasha."

Mimi nilikuwa dereva wa shirika moja la misaada pale Ngara mjini, na ofisini kwetu kulikuwa na faksi. Nikampeleka. Aliandika barua ya kuomba makala isichapwe, akaiweka mashineni, akasimama akiitazama karatasi ikimezwa polepole. Kisha tukarudi nyumbani.

Tulimkuta baba anasimamia nyama, mapaja yananing'inia mtini. Anneth akamwambia yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine anajua?"

"Profesa wangu, tangu leo mchana."

"Na hapa Kanazi?"

"Hakuna, baba."

"Basi nyamaza. Watu waje, wale, washibe, waende kwao. Utasema ukishapanda ndege."

"Ndiyo, baba," akajibu.

Jumapili kanisa lilijaa. Wanafunzi wa kambini walikuja na mwalimu wao, na baada ya komunyo msichana mmoja wa Kirundi, Ishimwe, akasoma salamu. Alisema zamani alitaka kuwa muuguzi, lakini sasa anataka kupima nyota, kwa kuwa dada Anneth alipima na akapata sawasawa. Watu wakapiga makofi. Padre akampa Anneth kipaza sauti, nami, Mungu anisamehe, nikaomba jenereta lizimike.

"Sikupata sawasawa," Anneth alisema.

Akaeleza kisahani, asidi na kile kilima. Habari za florini watu hawakuzielewa, ila neno "nimekosea" liliwafikia mpaka waliosimama nje. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi niliona haya, na hasira juu ya dada yangu. Nani alimtuma?

Nilidhani wageni hawatakuja nyumbani. Walikuja wote. Kwetu nyumba ikipatwa na jambo, hakuna anayebaki kwake, na watu wa Kanazi walikuwa wameamua kwamba tumepatwa. Ngoma waliiacha njiani. Wanawake walikaa mikekani wamenyoosha miguu, wanaume wakampa baba mikono miwili miwili.

"Poleni sana."

"Tumeshapoa," baba alijibu, mmoja baada ya mwingine.

Bibi Eustakia, jirani yetu, alimkumbatia Anneth akamuuliza kama nyota zenyewe zimeumia.

"Hapana, bibi. Hazina hata habari."

"Basi Mungu ni mkubwa."

Dada yangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Dume zima liliwa kwa sauti za chini.

Mzee Rwekaza, ambaye yeye na baba wameshindana tangu ujana wao, ndiye aliyeuliza. "Ansbert, hilo kosa nani alilikamata? Wazungu?"

Baba akaweka kibuyu chake cha pombe chini. "Mwenyewe."

"Baada ya kushitakiwa?"

"Hakuna aliyekuwa anajua. Alilitambua hapa nyumbani, akaja kuniambia jana." Ua mzima ulikuwa unasikiliza, na Anneth alikuwa amesimama na sinia mkononi. "Mimi ndiye niliyemwambia afiche mpaka mshibe."

Kwa hilo hakuna aliyempa pole. Anneth akaweka sinia chini, akapiga magoti mbele yake kama tunavyowasalimia wakubwa, ingawa alikuwa ameshamsalimia asubuhi.

"Shikamoo, baba."

Baba akageuza uso, kama mtu aliyepewa heshima asiyostahili.