Nione, kwa Wino Mwekundu

Mhadhiri kijana alikuwa na shahada tatu na akili ya darasani ya kuwatosha watu wanne, lakini kuhusu binadamu wa mwaka wa kwanza alikuwa bado mbumbumbu. Alisahihisha jaribio la kwanza, akakuta thelathini na mmoja wameanguka, na juu ya karatasi ya kila mmoja wao akaandika kwa wino mwekundu: "Nione." Jumanne mchana akaacha mlango wa ofisi wazi, akapanga maswali ya mazoezi mezani, akasubiri. Hakuja mtu. Jumanne ya pili, vilevile.

"Kizazi hiki kina kiburi," alimlalamikia Bi Mihuri, katibu wa idara, mama wa chumba cha mbele ambaye hakuna karatasi iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake. "Nimewaita, wananipuuza."

Bi Mihuri hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Hawana kiburi, mwalimu. Wana hofu. Huko sekondari walikotoka, nani aliitwa ofisini akatoka anacheka?"

Mhadhiri akacheka yeye. Alidhani anataniwa.

Jumanne ya tatu kijana mmoja mrefu alibisha hodi kwa Bi Mihuri. Tangu darasa la kwanza alikuwa akishika namba moja; sasa alikuwa amepata ishirini na nane kwa mia. Alitaka fomu ya kuacha chuo. Mlango wa katikati ulikuwa wazi, mhadhiri akasikia kila neno.

"Nyumbani umewaambia?" aliuliza Bi Mihuri.

"Bado, mama."

"Na mwalimu wako umeongea naye?"

"Ameandika nimwone." Sauti ya kijana ilififia. "Nimeshindwa."

"Basi fomu sikupi. Utaratibu wetu ni kumwona mwalimu kwanza. Ukitoka humo bado unataka kwenda, nitakupa, na muhuri nitaugonga mwenyewe."

Utaratibu huo haukuwepo. Mama wa watu aliutunga palepale, bila kupepesa jicho, na mhadhiri, aliyezijua kanuni zote za chuo kwa moyo, alijikuta anamvulia kofia.

Kijana aliingia. Akaweka karatasi yake ukingoni mwa meza, akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha viganja vyote viwili mbele na kugeuzia uso ukutani.

Ndipo mhadhiri alipoelewa. Wiki mbili nzima alikuwa anawatisha watoto wa watu huku anajiona mwema! Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Bi Mihuri alikuwa ameshafika. Hakulia wala hakumkumbatia mtu. Alivuta kiti, akamkalisha kijana kwa kumbonyeza bega. "Shusha mikono, mwanangu. Hapa ukiitwa, umeitwa usaidiwe. Na wewe mwalimu, anza na swali la kwanza, ndilo lililomtoa jasho."

Mhadhiri akafunua karatasi. "Haya ni maneno yangu matupu. Hata mzaha wangu umeunakili! Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi?"

"Wewe."

Kijana aliivuta karatasi karibu. Hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Mimi naona... samahani, mwalimu... ule mfano wako wa tatu unapingana na wa kwanza."

Mhadhiri akafungua daftari lake, akasoma, akasoma tena. Kweli, mifano ilikuwa inapingana. Miaka miwili aliufundisha mfano ule na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alimtazama kijana wa ishirini na nane kwa mia, akajisikia fahari kama vile amemzaa yeye.

Walikaa saa nzima, wakabishana mpaka kijana akasahau kusema samahani. Aliponyanyuka kutoka, Bi Mihuri alimuuliza, "Haya, fomu nikupe?"

Kijana akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Ila nina wenzangu huko kwenye ngazi. Wanasubiri waone nitatoka vipi."

Mhadhiri alichungulia. Kumi na wawili walijibanza ukutani kimya, karatasi zimekunjwa viganjani. Bi Mihuri alishaanza kubeba viti.

Kijana mrefu alisimama juu ya ngazi, akapaza sauti.

"Ingieni," akasema. "Hachapi."