Kura ya Kudura

Kiswahili cha Humaid huzinduka kila baada ya miaka minne. Katikati hapo ukimpigia simu atakujibu kwa Kiarabu cha taarifa ya habari, na akiwa barazani na wanaume wenzake wa hapa mjini Ibra, ukimsemesha Kiunguja hujifanya anatafuta tasbihi yake. Lakini uchaguzi wa Majlis ash-Shura, bunge la huku kwetu, ukikaribia, utamsikia mlangoni: "Hodi hodi, shangazi zangu! Shikamooni!" Hapo mimi hujua kura zimepanda bei.

Ni mtoto wa marehemu kaka yetu. Mimi Khole na dada yangu Balqis tumemtawaza huyu angali mchanga, kwa hiyo joho lake halitutishi. Amekaa Shura vipindi viwili. Siku moja tulimwona kwenye televisheni, waziri anahojiwa, tukanyamazisha watoto na kupandisha sauti. Humaid akashika maikrofoni, akamshukuru mwenyekiti kwa kumpa nafasi, akamshukuru waziri kwa kuja, akairudisha maikrofoni. Balqis akasema, "Alhamdulillahi, angalau ana adabu."

Sasa alikuwa anataka kipindi cha tatu, na safari hii alikuwa na mpinzani wa kweli, Ghaniya, mwalimu mstaafu. Ghaniya alikuja kwetu kwa miguu, akapandisha nguo na kuingia wadini kujionea mwenyewe. Maana shida yetu ndiyo hiyo wadi, mto mkavu unaotutenga na hospitali. Mvua ikipiga majabalini, maji hushuka ghafla na njia ikafa. Wengine hufurahia likizo. Lakini dada yangu figo zimegoma, husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwaka jana maji yalimfungia huku, akakosa kusafishwa, akavimba uso mpaka macho yakapotea. Nilikaa pembeni yake namsikiliza anavyoitafuta pumzi. Niliogopa, sijapata kuogopa vile maisha yangu. Na Humaid ametuahidi daraja kila alipokuja kuomba kura.

Alikuja alasiri na sinia la halwa. Sisi tulikuwa tumejaa chumbani, mimi, Balqis, wake za wanangu na binti zao. Nyumba yetu ina wanawake wengi wenye kura, na wote hufuata neno langu, au hunidanganya hivyo. Kudura, binti wa Tanga anayetusaidia kazi, akamimina kahawa. Humaid akapokea kikombe, akakiweka chini kwenye zulia, akatutazama.

Ni desturi ya huku. Mtu akija na haja nzito, kikombe hukiweka chini wala hakigusi. Mwenye nyumba akimwambia "kunywa," basi haja imekubaliwa, na neno la nyumba halirudi nyuma. Kwa hiyo tukakaa kimya. Nilikusudia kukiacha kikombe kile kipoe mpaka aongee habari za daraja, na habari zenyewe ziwe za kueleweka.

Lakini Kudura kakulia Tanga, ambako mgeni akiiacha chai ipoe ni aibu ya nyumba. Akaona mgeni hanywi, roho ikamuuma.

"Kunywa, baba, inapoa!"

Humaid hakungoja aambiwe tena. Alikinyakua, akakimeza chote, moto ule ule, macho yakamtoka machozi.

"Khalas! Nimekunywa! Wallahi nyumba hii imenipa neno!"

Wake za wanangu wakatazamana. Nahla, mkubwa wao, akaninong'oneza, "Mama, tumefungwa." Kudura akauliza, "Nimefanya nini jamani?" Nikamgeukia mtoto wa kaka yangu.

"Nani aliyekwambia unywe?"

"Nyumba, shangazi."

"Nyumba haina mdomo. Nani?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Huyu binti."

"Basi yeye ndiye aliyekupa. Kura ya Kudura ni yako, mwanangu. Chukua, nenda nayo."

"Lakini Kudura ni Mtanzania! Hana kura hapa!"

"Hilo mtajuana. Labda umfuate Tanga."

Wanawake wakaangua kicheko mpaka sinia likatikisika. Humaid mwenyewe midomo ilimcheza, akaikaza. Ndipo Balqis akasema, taratibu, "Kudura, mwanangu, nimiminie na mimi."

Kicheko kikakatika. Daktari amempimia dada yangu maji ya kutwa nzima, na kila kikombe cha kahawa kinatoka humo humo. Hakiombi ovyo. Akakipokea, akakiweka kwenye zulia mbele ya Humaid.

"Na mimi nina haja, baba. Unaijua."

Humaid alitakiwa aseme neno moja tu. Akakitazama kikombe. Akaanza: kamati, wizara, bajeti, mpango wa miaka mitano, inshallah kheri. Kila sentensi ilikuwa na Kiarabu zaidi kuliko iliyopita, Kiswahili kinarudi kulala vile. Kisha akakumbuka ana mkutano, akavaa viatu akaenda zake.

Kudura akataka kumpashia dada kahawa yake. "Iache," Balqis akasema. Ikabaki pale mpaka magharibi, naye midomo imemkauka. Nilikasirika nusura niitupe ile halwa barabarani. Nikaila.

Jumapili tukapiga kura, kila mtu na simu yake. Siku hizi simu inataka kwanza ikuone uso. Ule wa Balqis ulikuwa umevimba, ikaukataa, ikaukataa tena, mpaka Kudura akamsogeza dirishani kwenye mwanga. Sote tukampa Ghaniya. Sikumlazimisha mtu.

Kufikia usiku Ghaniya kashinda. Usiulize kama ni sisi tuliomwangusha Humaid. Watu wenye wadi ni wengi Ibra.

Kesho yake akaja. Hakuwa na joho wala halwa, na hodi yake haikusikika, tulimkuta tu kasimama ukumbini kama mtoto aliyefukuzwa chuoni. Akakaa. Akapewa kahawa akainywa tu, maana hakuwa na cha kuomba. Balqis naye akamiminiwa. Akakiweka kikombe chini.

"Shangazi," Humaid akasema, "mimi si mheshimiwa tena. Sina cha kukupa."

"Haja yangu iko pale pale."

Humaid akakitazama kile kikombe. Alipozungumza, kilikuwa Kiswahili cha mama yake, hakikuchanganywa na kitu.

"Kwangu kuna chumba cha wageni. Na hospitali iko pale pale nyuma ya nyumba. Mawingu yakianza tu kukusanyika majabalini nitakuja kukuchukua, ulale kwangu mpaka njia ifunguke. Kila mara, shangazi. Sina kazi nyingine." Akamsukumia Balqis kikombe. "Kunywa."

Balqis akanywa, kidogo kidogo, mpaka tone la mwisho.

Miaka minane tulikuwa tunamwomba daraja, na chumba kilikuwepo. Nilitaka kumzaba kofi na kumbusu kwa mpigo. Nikamwambia Kudura amwongezee kahawa mtoto wa kaka yangu. Akammiminia, na safari hii akafunga mdomo.