Miaka Miwili ya Hénock

Théodore alikuwa fundi cherehani, mtu wa Uvira, na kwa miaka kumi na mitatu alishona suti na majoho ya kwaya katika chumba cha nyuma cha duka moja pale Marshalltown, katikati ya Johannesburg. Mkewe Denise alisuka nywele barabara hiyo hiyo. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Hénock, na mtoto huyo alikuwa mlima. Mwaka 2017, akiwa darasa la mwisho la sekondari, alikuwa na kilo mia moja ishirini na tano. Kwenye ragbi ya shule alisimama mstari wa mbele kabisa, pale wavulana wanane wanapofungana mabega na kusukumana na wanane wenzao. Timu zilizokutana naye zilirudi makwao zikijikanda shingo.

Aliyeanza kuota ndoto kwa niaba yake alikuwa Moffat, Mkenya, mhasibu wa benki, aliyesali nao kanisani, mtaa wa Observatory. Moffat alicheza ragbi Nairobi mpaka goti lilipomkatalia. Alimrekodi Hénock kwa simu msimu mzima, akatuma video vyuo vikuu vya Marekani.

"Wale wana mpira wao, Baba Hénock," alimweleza Théodore. "Wanatafuta vijana wakubwa wa kusimama mbele na kuzuia, ili yule anayerusha mpira asiangushwe. Huyo wa mbele hata mpira haugusi. Kazi yake ni kuwa ukuta. Na vyuo vikubwa huusomesha ukuta huo bure, miaka yote minne."

Denise aliposikia alikaa chini akalia kwa furaha.

Mwezi wa nane alikuja kocha, Mmarekani mwembamba mwenye kofia, aliyekuwa akizunguka nchi akiwatazama wavulana wa ragbi. Théodore alifunga kazi asubuhi hiyo akaenda uwanjani. Nyasi zilikuwa za manjano, na baridi ilikuwa bado imezilalia. Kocha alimpima Hénock mikono kwa futi kama fundi anayekata koti. Akamkimbiza mbele, akamkimbiza kinyumenyume, akamwambia ainame asukume gunia zito. Mwishowe alizungumza kwa muda na Moffat, na Moffat akatafsiri.

"Anasema miguu yake ni myepesi kuliko alivyotegemea. Mikono ni mifupi kidogo. Ukimuuliza kama leo anaweza kusimama na wale wa ngazi ya juu, jibu ni hapana, watampangusa kama vumbi. Lakini ana miaka kumi na minane. Mwili wa kumi na minane bado unajengwa. Wakimlisha na kumfundisha miaka miwili, atakuwa mtu mwingine. Ndiyo maana anamtaka."

"Na kama angekuwa na ishirini?" Swali lilimponyoka Théodore.

Moffat alicheka, akamuuliza kocha, naye akacheka. "Anasema kama angekuwa na ishirini, yeye asubuhi hii angekuwa bado amelala."

Théodore naye akacheka.

Hénock alizaliwa mwaka 1997. Walipofika Johannesburg alikuwa na miaka saba, lakini njaa ya safari ilikuwa imemkausha akabaki kama mtoto wa miaka minne. Wakiwa kwenye foleni ya kuomba hifadhi, mtu mmoja wa kwao Uvira alimnong'oneza Théodore: "Huyu hajui Kiingereza. Ukisema saba, watamtupa darasa la pili, na atapotea. Sema tano, aanze mwanzo na wenzake." Lilikuwa shauri la mtu mwema. Théodore alisema tano, akaapa kwamba ni kweli, karani akaandika 1999, na muhuri ukagongwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Théodore ilikuwa imefika miaka kumi na mitatu, na alishasahau kwamba anaitembea.

Moffat alileta fomu ya chuo. Ilitaka tarehe ya kuzaliwa na kiapo cha mzazi kwamba yote ni kweli. Théodore aliilaza juu ya cherehani siku nzima. Karatasi zao zote zinasema 1999, alijiambia. Nani atakwenda Uvira kuuliza? Akatia sahihi, akampa Hénock ampelekee Moffat.

Kesho yake alasiri, Hénock alirudi na fomu ile ile mkononi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kikalia. Kwa kawaida baba alisema Kiswahili na mwana akajibu Kiingereza. Siku hiyo Hénock alisema Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Papa, mimi nakumbuka. Uliniambia kwenye foleni, wakiuliza, sema tano. Ukanionyesha vidole."

Théodore aliachia kitambaa. "Nilidhani umesahau."

"Mimi nilidhani ni ninyi mmesahau. Mama anapika keki kila mwaka, anaweka mishumaa, na inapungua miwili. Hata hasiti."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Watoto waliniita dubu. Halafu nikapewa mpira, wote wakanipenda. Lakini kila nikimwangusha mtu, ninasema moyoni, huyu ni mtoto. Mwezi wa tano nilimvunja mmoja bega. Nikaenda hospitali kumwona. Mama yake alinishika mikono akanishukuru kwa kuja, Papa. Alinishukuru."

Théodore aliokota kitambaa, akaanza kukikunja.

"Nimemwandikia kocha," Hénock akamalizia. "Jana. Nimemwambia ni 1997."

Théodore aliinuka. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukabaki hewani mbele ya uso ule mkubwa ambao haukukwepa. Akaushusha. "Umetumaliza," alisema.

"Ndiyo, Papa."

Jibu lilikuja siku tatu baadaye kwenye simu ya Moffat. Kocha alishukuru kwa ukweli. Alitafuta kijana ambaye bado anakua; na tena, chuo chake hakiwezi kumpokea mtu ambaye karatasi zake zinasema hivi na mdomo wake unasema vile. Alimtakia heri. Moffat alisoma akiwa amesimama. Jina lake ndilo lililomtambulisha kijana kule, na hakujifanya kwamba haikumuuma. Alikuwa ameshakwenda shuleni kuwaeleza. Hénock alitolewa kwenye timu; wakamwachia afanye mitihani yake kwa huruma. Karatasi hazingeweza kusahihishwa, kwa kuwa kuzisahihisha ni kukiri kwamba kiapo cha kwanza kilikuwa uongo, na ukaaji wao wote Johannesburg ulisimama juu ya kiapo hicho.

"Ndugu Moffat," Théodore aliuliza, "kama ningesema saba siku ile, angeweza? Kusimama na wale wakubwa?"

Moffat alitia simu mfukoni. "Kama ungesema saba, angekua akisukumana na wa rika lake. Wangemsukuma nao, angejifunza kusimama, au angeshindwa. Hapo tungejua. Sasa hatuna namna ya kujua, Mzee. Hata yeye mwenyewe hajui."

Hilo ndilo lililomvunja Théodore kuliko jibu la kocha. Safari iliyopotea aliweza kuililia. Lakini alikuwa amemnyang'anya mwanawe kipimo chake, na hakuna ofisi ya kwenda kukiombea.

Hénock alifaulu kwa alama za wastani. Ragbi hakuirudia, vilabu viwili vya watu wazima vilimpigia simu, hakupokea. Mwaka uliofuata alipata kibarua cha kubeba majora ya vitambaa kwenye ghala la jumla, mitaa miwili kutoka cherehani ya baba yake. Jioni hula pamoja, watatu, mezani. Mara nyingi Théodore huweka kijiko chini na kufungua kinywa, na Denise huinua macho akingoja, kwa kuwa anajua neno la kuomba radhi ambalo mumewe analitafuta.

"Umeshiba?" Théodore huuliza.

"Nimeshiba, Papa," Hénock hujibu, akainuka kuosha sahani yake.