Bega la Mama Mikate

Aliyeumia ndiye aliyeomba radhi. Hebu sikia hilo kwanza, halafu uniambie kama dunia hii ina adabu. Ujumbe uliingia Jumatano asubuhi, Fundi akiwa kwenye ngazi anakung'uta mikeka ya yoga. "Mwalimu wangu, nisamehe. Nilikaza bega nikakuharibia somo. Daktari anasema msuli umechanika, nisikande unga miezi minne. Jumamosi nitakuja nikuombe radhi mbele ya wenzangu." Mwenye ujumbe alikuwa Mama Mikate, mwoka mikate wa mtaa wa pili, mcheshi asiyejua kununa, aliyelea watoto wanne kwa mikono ile ile. Fundi aliusoma mara tatu, mkeka ukamdondoka.

Maana yeye alijua. Bega lile halikukazwa na mtu. Alilichana yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Sasa tusimsimange kabla hatujamjua. Aliitwa Fundi kwa sababu kabla ya kufundisha yoga alijikunja juu ya cherehani miaka kumi na mitano, mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Asubuhi alikuwa anavaa viatu akiwa amelala chali. Ndipo jirani akampeleka kwa Mzee Kunja, mwalimu wa yoga mwenye ukumbi juu ya duka la samani. Mzee hakumwonea huruma hata chembe. "Wewe si mgonjwa," alimwambia, "wewe ni nguo iliyokunjwa vibaya. Tutakupiga pasi." Na kweli akampiga pasi. Alimfundisha kusimama upya, kukaa upya, kuvuta pumzi kama mtu asiye na haraka na dunia. Baada ya mwaka Fundi alivaa viatu akiwa amesimama, akalia pale mlangoni kwake kama mtoto. Baada ya miaka tisa alikuwa mwalimu katika ukumbi ule ule. Mtu aliyekuokota sakafuni namna hiyo, utambishia nini?

Na Mzee alikuwa na sheria zake. Kila mkao ni pumzi tano. Mwalimu akishaweka mkono juu ya mwanafunzi, hautoi mpaka ya tano iishe. "Mwili ni mtoto mkaidi," alisema. "Ukiubembeleza utakukalia kichwani." Wakimtania kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na wao wameshakauka siku nyingi, alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana Mungu akaumba mkono wangu!"

Fundi alikuwa na mwalimu mwingine, ila hakuwahi kumhesabu. Ni shangazi yake, mkunga mstaafu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. "Mtazame mtu vidole vya miguu," Shangazi alimfundisha tangu utotoni. "Mdomo utakuambia sijambo, vidole vitasema kweli." Siku moja alikuja ukumbini, akaketi pembeni, akatazama somo mwanzo hadi mwisho. Watu walipoondoka akauliza, "Mbona unawashika bila kuwauliza?" Fundi akacheka. "Shangazi jamani, hapa si wodi ya wazazi." Shangazi akachukua mkoba wake akaenda zake.

Basi wiki tatu kabla ya ule ujumbe, Mama Mikate alikuwa ameinama, mikono ameifumbata nyuma ya mgongo. Fundi akaikamata ile mikono akaisukuma kuelekea kichwani. Pumzi ya kwanza. Ya pili. Katika ya tatu bega likalia, ko, kama karoti inayovunjwa, na vidole vya miguu vya yule mama vikajikunja. Alipoinuka midomo ilikuwa imemkauka. "Samahani, mwalimu," alisema, akaenda kukaa kando.

Siku ya ujumbe, Fundi hakungoja jioni. Alipanda kwa Mzee Kunja, maana Jumamosi hiyo hiyo Mzee alikuwa ametangaza kustaafu na kumkabidhi Fundi ukumbi mbele ya wanafunzi wote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

Akamweleza. Mzee alisikiliza huku anapanga mito ukutani, mto juu ya mto.

"Alikaza bega," akasema.

"Hakukaza, Mwalimu."

"Wote hukaza. Mimi mwalimu wangu alinitegua goti, nikambusu mkono. Si hivi leo natembea?"

"Unachechemea, Mwalimu."

Lilimtoka tu. Mzee akaacha mito. Aliketi polepole, na kwa mara ya kwanza Fundi akamwona amezeeka. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ukisema ni mkono wako, umesema ni mkono wangu. Miaka arobaini ya watu. Unataka nimalizie siku zangu wakijiuliza nani nilimvunja na nani nilimponya? Jumamosi nyamaza. Pokea radhi yake, pokea ufunguo. Ukifungua mdomo, ukumbi huu naufunga, na mimi na wewe tumeishia hapo."

Fundi alishuka ngazi. Alimpenda yule mzee, hilo nalisema waziwazi asije mtu akadhani vingine. Alimpenda kama baba. Na alijua bila ukumbi ule hana pengine pa kufundishia, atarudi kwenye cherehani, na mgongo utarudi ulikotoka.

Kesho yake akaenda kwa Shangazi, amejiandaa kusikia "si nilikuambia?" Hakulisikia. Shangazi alikuwa kitandani anakunja shuka zilizokauka, na Fundi akamweleza yote huku yeye anaendelea kuzikunja.

"Kuna mtoto nilimvuta," alisema hatimaye. "Kichwa kimetoka, bega limekwama. Kulikuwa na namna ya kumgeuza, na nilikuwa naijua vizuri. Nilikuwa nimechoka. Nikavuta. Mkono wake mmoja haukuinuka maisha yake yote."

Fundi akauliza, "Na mama yake?"

"Nilimwambia mtoto alikuwa mkubwa mno. Akanishukuru. Miaka ishirini na moja, kila tukikutana ananishukuru, halafu anajilaumu. Alikula sana akiwa mjamzito, ndivyo alivyoamini. Mpaka anazikwa anaamini hivyo. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kumtoa kwenye mateso yale, nikalimeza. Mficha uchi hazai! Nimewaambia wanawake wangapi maneno hayo, na mwenyewe nimejifunika gubigubi?"

Akajifuta uso kwa ile shuka safi. Fundi hakuwahi kumwona akilia, hata siku walipomzika baba yake Fundi.

"Sasa nifanye nini, Shangazi?"

"Usiniulize mimi. Mimi nilishindwa."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Mzee Kunja alikaa mbele kwenye kiti, amevaa shati jeupe, ufunguo mkononi. Kabla hajafungua kinywa, Mama Mikate akajitokeza, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. "Wenzangu, mnaniona nilivyofungwa, utadhani mimi ndiye mkate wa kuuzwa," alisema, watu wakaangua kicheko. "Nimekuja kumwomba mwalimu wetu..."

"Usiombe," Fundi alisema. "Keti, dada yangu. Hapana, usiketi, nisikilize hivyo hivyo. Hukukaza bega. Nililichana mimi. Sikukuuliza, nilikusukuma tu."

"Fundi!" Mzee aliita.

Fundi hakugeuka. Mzee akainuka, akautia ufunguo mfukoni, akatoka akichechemea, na watu wote wakasikia anavyoshuka ngazi, hatua nzito, hatua nyepesi, mpaka chini. Fundi alitamani kumkimbilia. Moyo ulimuuma hasa, akasimama pale pale.

Mama Mikate hakuwa anacheka tena. "Ulisikia lilipolia?"

"Nilisikia."

"Mimi nilidhani nimesikia peke yangu." Akafikiri kidogo. "Ilikuwa pumzi ya tatu."

"Ya tatu."

"Ukaniachia ya tano."

"Ya tano," Fundi alisema, na hakuongeza neno la kujitetea, maana halikuwepo.

Mama Mikate alitazama sakafu. "Wiki tatu," alisema, "wiki tatu nimelala nikilitukana bega hili. Kuna siku nimelinyima hata dawa, nikasema acha likome, limezidi ukaidi." Kisha akawapa mgongo wote, Fundi na wenzake, akauinua mkono wake mzima akaliwekea lile bega kiganja taratibu, kama mtu anavyomshika mtoto aliyepigwa bure.

"Kumbe masikini hukuwa na kosa," akaliambia. Na hakuwa anazungumza na mtu yeyote mle ndani.